Neno na Njaa: Vita vya Maji Maji katika Utenzi, Tamthilia na Masimulizi

Imekuwa kawaida, kila itajwapo tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kusema kwamba dhamira yake kuu ni umoja. Wanafunzi hufundishwa hivyo, na wahakiki si haba wamelirudia jambo hilo tangu tamthilia ilipochapishwa mwaka 1969. Jibu hilo si la uongo, wala hakuna haja ya kulifuta. Lakini ni jibu la upesi, nalo limesaidia kuficha swali jingine lililo zito zaidi, yaani jinsi jamii inavyochagua katika vita vyake mambo ya kukumbuka na mambo ya kusahau, na jinsi fasihi inavyoshiriki katika uchaguzi huo.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuziweka pamoja kumbukumbu tatu za vita vya Maji Maji: Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, tamthilia ya Hussein, na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa kusini mwa Tanzania. Hoja itakayotetewa ni kwamba kila utanzu hukumbuka kwa namna yake na kusahau kwa namna yake. Kwamba jambo lililosahauliwa zaidi katika sanaa ya Kiswahili kuhusu vita hivyo ni njaa. Na kwamba mhakiki anayesifu kumbukumbu bila kuuliza kilichoachwa nje huwa naye ameshiriki katika kusahau.

Vita vyenyewe

Yafaa kwanza kukumbusha kwa ufupi yaliyotokea. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa mipamba katika shamba walilolazimishwa kulilima. Sababu za kitendo hicho zafahamika: kodi, kazi za shokoa, kiboko, na mashamba ya pamba yaliyowanyima watu nafasi ya kulima chakula chao wenyewe. Kabla ya hapo mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alikuwa amekwisha kuwapa watu dawa ya maji, nayo iliaminiwa kwamba ingezigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Habari zake zilienezwa kwa mnong'ono wa siri ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Juu ya hayo vita vilienea mpaka Liwale, Mahenge, Masasi na Ungoni, wala havikuzimika kabisa mpaka mwaka 1907.

Hesabu ya waliokufa ina mafunzo yake. Katika upande wa serikali ya Kijerumani walikufa Wazungu 15, askari 73, na wasaidizi 316 walioandamana na askari hao. Yaani hata katika upande wa mkoloni wengi wa waliokufa walikuwa Waafrika. Katika upande wa wananchi Wajerumani wenyewe walikadiria watu 75,000, mwanahistoria G.C.K. Gwassa, aliyefanya utafiti wa miaka mingi juu ya vita hivyo, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi mno katika hao hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa kuwa majeshi ya serikali yalichoma vijiji, yakateketeza mazao na kuchukua vyakula vilivyokuwa ghalani. Jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya; maafisa wa Kijerumani waliandika waziwazi kwamba njaa peke yake ndiyo ingewafanya watu wa kusini wasalimu amri. Watu waliopatwa na njaa hiyo waliipa jina: fugufugu.

Jina hilo halimo katika vichwa vya vitabu vya fasihi. Jina la Maji Maji limo. Hapo ndipo uchunguzi huu unapoanzia.

Kuyataja mapambano

Kwa mtu anayeshughulika na lugha, dalili ya kwanza ya kumbukumbu ni msamiati. Mapambano yale yale yanaweza kuitwa vita, uasi, maasi, fujo au ghasia, na kila neno humweka msemaji upande fulani. Katika maandishi ya serikali ya Kijerumani yaliitwa maasi, kwa maana mtu anayeasi ni yule ambaye tangu awali alikuwa na wajibu wa kutii. Neno vita, ambalo limeshika katika Kiswahili, lawapa watu wa kusini hadhi nyingine: wanaopigana vita ni pande mbili, na kila upande una haki ya kuulizwa sababu zake. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba hata Abdul Karim, ambaye hakuwa mshabiki wa waliobeba maji, utenzi wake watufikia ukiwa na neno vita katika jina lake.

Lakini jina laweza pia kufunika. Kwa kuviita vita hivi Maji Maji, lugha imeushika mwanzo wake na kuuacha mwisho wake. Imeshika imani, ikaacha gharama. Jina fugufugu lingeshika kinyume cha hayo. Hali kadhalika yaonekana katika vita vilivyofuata. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mamia ya maelfu ya Waafrika wa sehemu hizi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kimebaki katika lugha kama jina la mtaa: Kariakoo Dar es Salaam, Kariokor Nairobi. Watu hununua unga na vikapu katika jina hilo kila siku bila kulisikia. Neno limehifadhiwa kikamilifu, na maana yake imesahauliwa karibu kikamilifu.

Utenzi: kumbukumbu ya mtu wa mjini

Abdul Karim bin Jamaliddini alikuwa mtu wa Lindi, na alitunga karibu na matukio. Alikuwa na mapokeo tayari mkononi mwake. Kabla yake Hemedi bin Abdallah el Buhriy alikwisha kuandika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, kuhusu vita vya pwani vya 1888 na 1889. Bahari ya utenzi, kwa beti zake za vipande vinne na mizani minane kwa kila kipande, ni chombo kilichozoea vita. Kwa karne nyingi kilibeba vita vya Mtume na masahaba. Mtunzi wa utenzi wa vita hana haja ya kutafuta njia. Njia imekwisha kulimwa.

Wepesi huo ndio nguvu ya utenzi, nao pia ndio mpaka wake. Nguvu yake ni kwamba utenzi hustahimili orodha. Mahali baada ya mahali, mtu baada ya mtu, jeshi lililotoka hapa na kufika pale: mambo yanayoweza kuuchosha mchezo wa kuigiza huweza kukaa ndani ya utenzi bila kuuvunja, kwa sababu kina cha mwisho huyafunga yote pamoja. Kwa hiyo mwanahistoria anayetaka kujua jinsi vita vilivyoonekana kutoka katika miji ya pwani ya kusini hana budi kumrudia Abdul Karim. Utenzi wake ulichapishwa upya mwaka 1957 kwa uhariri wa W.H. Whiteley, na thamani yake kama ushuhuda haina shaka.

Mpaka wake ni upande anaposimama mtunzi. Abdul Karim anavitazama vita akiwa mtu wa mjini, mwenye elimu ya dini, katika jamii ambayo mali na heshima yake vilitishwa na watu waliotoka bara wakiwa na dawa ya mganga. Hawezi kuiona dawa hiyo ila kama upotofu. Wahakiki wa miaka ya baada ya uhuru walimlaumu kwa jambo hilo, wakasema kwamba alikuwa kibaraka. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Mtu aliyeandika chini ya serikali iliyokuwa imetoka kunyonga viongozi wa nchi nzima hakuwa na uhuru wa kusema yote. Na hata kama angalikuwa nao, hakuna sababu ya kudhani kwamba mtu wa Lindi alikuwa na wajibu wa kufikiri kama mtu wa Ngarambe. Umoja wa taifa ambao kwao anahukumiwa ulikuwa haujazaliwa. Kumdai mtunzi wa wakati wa Wajerumani uzalendo wa mwaka 1961 ni kusahau historia kwa jina la kuikumbuka.

Kilicho cha maana zaidi ni hiki: kwa sababu Abdul Karim hakuwa mshabiki, utenzi wake umehifadhi jambo ambalo kumbukumbu ya kitaifa imekuwa na haya nalo, yaani kwamba wananchi hawakuwa upande mmoja. Walikuwako waliokataa maji. Walikuwako waliowakimbilia Wajerumani. Walikuwako wafanyabiashara na maakida waliopoteza mali zao mikononi mwa wapiganaji, na askari weusi waliobeba bunduki za serikali. Shahidi asiyependeza mara nyingi ndiye anayetaja yale ambayo shahidi anayependeza angeyapitia mbali.

Tamthilia: kumbukumbu ya neno

Hussein alisoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati ule ule ambapo idara ya historia ya chuo hicho ilikuwa ikiwatuma wanafunzi kusini kukusanya masimulizi ya vita. Mwaka 1968 Gwassa na John Iliffe walichapisha sehemu ya kumbukumbu hizo kwa East African Publishing House, Nairobi. Tamthilia basi ilizaliwa jirani na utafiti. Lakini Hussein hakutaka kuwa mwanahistoria, naye alilieleza jambo hilo mwenyewe: Kinjeketile wake si Kinjikitile wa Ngarambe bali ni kiumbe cha sanaa, na tofauti ndogo ya irabu katika jina ni ishara ya tofauti kubwa ya kusudi.

Utanzu wa tamthilia hauwezi kubeba vita vyote vya nchi kubwa kama ile. Jukwaa lina nafasi ya watu wachache na saa chache. Kwa hiyo Hussein alilazimika kuchagua, na alichochagua ni mgogoro ndani ya nafsi ya mtu mmoja. Kinjeketile anazama mtoni, anatoka akiwa na maji na unabii, na makabila yaliyokuwa yakidharauliana yanaanza kusimama pamoja. Baadaye, akili zake zinapomrudia, anatambua kwamba katika maneno aliyoyatamka akiwa amepandwa na pepo mlikuwamo pia unabii kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Yaani mgeni mmoja angeondoka na mgeni mwingine angeingia. Tangu hapo Kinjeketile anaogopa maji yake mwenyewe. Anataka watu wangoje, wajifunze vita, waungane kwanza. Lakini neno limekwisha kumtoka, limekua kuliko yeye, na halimsikilizi tena.

Hapa ndipo jibu la upesi kuhusu umoja linapoonyesha upungufu wake. Tamthilia haisemi tu kwamba umoja ni nguvu. Yasema kwamba umoja uliojengwa juu ya jambo lisilo na uhakika waweza kuwaamsha watu na kuwaua kwa pamoja, na kwamba kiongozi aweza kulijua hilo asiweze kulizuia. Mwisho wa mchezo, Kinjeketile akiwa gerezani na jeshi likiwa limekwisha kufyekwa kwa bombomu, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Hakatai kwa sababu anaamini maji. Anakataa kwa sababu anafahamu kwamba kauli hiyo itatumiwa kuwaambia wajukuu kwamba waliopigana hawakuwa na haki ya kupigana. Anachagua kumbukumbu itakayowafaa watu wa baadaye kuliko ukweli utakaomfaa mkoloni leo.

Ni kitendo kikubwa, na ndicho kilichoifanya tamthilia hii iishi. Lakini mhakiki hana budi kukitazama kwa makini zaidi ya hapo, kwa kuwa Kinjeketile, katika dakika ile, anafanya kazi ile ile ifanywayo na kila jamii baada ya vita. Anachuja. Anaamua kwamba neno lirithiwe na shaka izikwe. Shaka hiyo mtazamaji ameiona. Wajukuu wanaotajwa gerezani hawataiona. Hussein kwa hiyo ameandika tamthilia juu ya jinsi kumbukumbu inavyotengenezwa, na kilichofuata baada ya 1969 ni kwamba wasomaji wengi walikubali kuwa wajukuu wale: wakalipokea neno, wakaiacha shaka. Unabii wa Seyyid Said, ulio mhimili wa mgogoro wote, mara nyingi hutajwa darasani kwa sentensi moja au hautajwi kabisa.

Yaliyo nje ya jukwaa

Jambo la pili latakiwa lielezwe kuhusu tamthilia, nalo lahusu wanawake na chakula. Mchezo hauanzi na mganga. Waanza na wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Bobali, nyumbani, na mazungumzo yao ni juu ya upungufu wa chakula na juu ya wanaume waliochukuliwa kwenda kulima shamba la mwingine. Ni mwanzo wenye busara kubwa. Njaa ndiyo hali ya kwanza anayokutana nayo mtazamaji, na ndiyo inayoyafanya maji yaaminike: mtu aliyeshiba huuliza maswali mengi kuhusu dawa, mwenye njaa huuliza itatolewa lini.

Lakini njaa hiyo ya mwanzo haina mwenzake wa mwisho. Tamthilia yafungwa gerezani, na wanaume wawili, juu ya swali la neno. Bi Kitunda na Bi Bobali hawarudi kusema fugufugu ilikuwaje. Yule aliyekosa chakula kwa sababu mumewe alikuwa akilima pamba ya wengine, alikula nini mwaka 1906 ghala lilipochomwa? Muundo wenyewe wa tamthilia ulikuwa umelifungulia mlango swali hilo, kisha haukulipitisha. Huenda Hussein alihitaji kumalizia palipokuwa na mgogoro ulio wazi, na gereza lampa mgogoro huo. Njaa haina ukumbi wake. Haina mkuu wa kukabiliana naye wala kauli ya kutoa au kukataa. Watu hufa polepole, mbalimbali, wakitafuta mizizi porini. Ni vigumu kwa jukwaa kuionyesha, na ni vigumu kwa utenzi pia, kwa kuwa utenzi wa vita hufuata majeshi, na njaa huja majeshi yakiisha kuondoka.

Basi yule mtu ambaye kwa hesabu ndiye shahidi mkuu wa vita vya Maji Maji, yaani aliyekufa kwa njaa baada ya mapigano, hakupata utanzu wa kumbeba. Methali yasema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini methali hiyo haitoshi hapa. Watu hawa hawakuwa nyasi za kando. Ghala zao zilichomwa kwa makusudi kwa kuwa ndizo zilizokuwa silaha yao ya kuendelea kupigana.

Masimulizi ya wazee ndiyo yaliyolishika jambo hilo. Wale walioulizwa katika miaka ya 1960, baadhi yao wakiwa watoto au vijana vita vilipopigwa, hawakutenganisha vita na njaa kama wafanyavyo waandishi. Kwa msimulizi wa kijijini vita havikwishi siku kiongozi aliponyongwa. Vyaisha siku watu walipovuna tena. Masimulizi hayana umbo lililofungika la utenzi wala kilele cha tamthilia, na kwa sababu hiyo hiyo huweza kuendelea mpaka baada ya mwisho. Hilo ni jambo la kinadharia linalostahili kufikiriwa na wale wanaoyaona masimulizi kuwa malighafi tu ya fasihi andishi. Katika suala hili utanzu uliodharauliwa ndio uliokumbuka jambo kubwa zaidi.

Kusahau kwa kusifu

Kumbukumbu ya Maji Maji haikuachwa kwa waandishi peke yao. Mwaka 1956 Julius Nyerere, akizungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa, alivitaja vita hivyo kuwa ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakuwahi kuukubali utawala wa kigeni kwa hiari, na pia kuwa sababu ya TANU kutafuta njia isiyo ya damu. Hoja hiyo ilikuwa na kazi yake, na iliifanya vizuri. Kumbukumbu ilipata mwelekeo: Maji Maji yalikuwa mwanzo, uhuru ulikuwa utimilifu. Mwaka 1980 makumbusho ya Maji Maji yalifunguliwa Songea, mahali waliponyongwa viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa. Mji huo una timu ya mpira na uwanja wenye jina hilo hilo. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha, na mazungumzo kuhusu fuvu la Nduna Songea Mbano, linaloaminiwa kwamba lilipelekwa Ujerumani, yakapata nguvu mpya.

Hayo yote ni mema. Lakini yafaa kutazama yanakumbuka nani. Yanakumbuka walionyongwa, wenye majina, wengi wao wanaume na viongozi, ingawa katika orodha ya Songea anatajwa pia mwanamke mmoja, Mkomanile. Hayana mahali pa kuwaweka wale wa fugufugu, kwa kuwa hawana kaburi moja wala siku moja ya kifo. Sehemu kubwa ya kusini-mashariki ilibaki bila watu. Pori na wanyama vikarudi mahali palipokuwa na mashamba. Baadaye sehemu ya nchi hiyo iliingizwa katika hifadhi kubwa ya wanyama iliyopewa jina la Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani mwaka 1917. Kwa muda wa karibu karne moja watalii walikwenda kutazama huko nchi waliyoambiwa kwamba haijapata kuguswa na mtu. Sehemu ya hifadhi hiyo ilipewa jina la Nyerere mwaka 2019. Jina limebadilika, waliokufa kwa njaa bado hawamo katika jina lolote.

Huku ndiko kunakostahili kuitwa kusahau kwa kusifu. Jamii haikatazi kumbukumbu. Yaitukuza mpaka sehemu zake zisizotukuzika zadondoka.

Kusahau kwa kunyamaza

Msomaji wa Kenya atakuwa amekwisha kuona kwamba kwake mambo yalikwenda kinyume. Vita vya Mau Mau vilikuwa na jina rasmi ambalo halikuwa vita hata kidogo: Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama katika muda huo. Baada ya uhuru viongozi waliwataka wananchi wasamehe na kusahau, kwa kuwa waliopigana msituni na waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni walikuwa sasa majirani, na mara nyingine walikuwa wakigombea ardhi ile ile. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Sanamu ya Dedan Kimathi ilisimamishwa Nairobi mwaka 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa kwake, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa.

Katika kimya hicho fasihi ilikuwa na kazi nyingine. Kaburi Bila Msalaba, hadithi ya P.M. Kareithi kuhusu vita vya Mau Mau, ilitolewa mwaka 1969, mwaka ule ule wa Kinjeketile. Jina lake peke yake latosha kuonyesha tofauti. Upande wa Tanzania mwandishi alimpa mfu neno la kurithiwa. Upande wa Kenya mwandishi alionyesha kaburi lisilo na alama. Baadaye tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo ilifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, nayo ilichukua njia ya Hussein, ya shujaa anayekataa kukana akiwa mikononi mwa mkoloni. Ni dhahiri kwamba gereza ni mahali panapoipendeza tamthilia ya ukombozi. Ni dhahiri pia kwamba vijiji vya kulazimishwa, ambamo wanawake na watoto wa Kikuyu walifungiwa na ambamo njaa iliua, vimepata nafasi ndogo zaidi jukwaani. Nchi mbili zilizofuata siasa tofauti kabisa za kumbukumbu zimekutana katika kusahau mtu yule yule.

Kazi ya mhakiki

Haielekei kuwa haki kumlaumu Abdul Karim kwa kutokuwa Hussein, au kumlaumu Hussein kwa kutoandika juu ya mwaka 1906. Msanii huchagua, na bila kuchagua hakuna sanaa. Lawama, kama ipo, yawaangukia wale ambao kazi yao ni kusoma. Tamthilia ya Kinjeketile inapofundishwa kama somo la umoja tu, hunyang'anywa shaka yake. Utenzi wa Abdul Karim unapowekwa kando kwa sababu mtunzi wake hakuwa mzalendo, taifa hupoteza ushahidi wa migawanyiko yake. Na masimulizi yanapoachiwa idara ya historia, fasihi hupoteza utanzu pekee uliokumbuka njaa.

Pendekezo linalotokana na hayo si gumu kulitekeleza. Kazi hizi tatu zisomwe pamoja, darasa moja, muhula mmoja. Mwanafunzi asome tamthilia akijua kwamba Bi Bobali hana neno la mwisho, na aulizwe kwa nini. Asome utenzi akitafuta majina yaliyoachwa na tamthilia. Kisha atumwe nyumbani kwa wazee, si Umatumbini tu bali popote alipozaliwa, awaulize swali ambalo vitabu havikuliuliza: baada ya vita, watu walikula nini? Majibu yapo bado kwa wajukuu wa waliokuwapo, katika majina ya miaka ya njaa, katika majina ya watoto waliozaliwa wakati huo, na katika majina ya mizizi iliyoliwa. Huo pia ni msamiati wa vita, na idara za lugha ndizo zinazopaswa kuukusanya kabla haujawa kama Kariokor, neno litamkwalo kila siku lisilomkumbusha mtu lolote.